Kabla Hawajaitwa King

Hakimu angeketi kesho yake saa nne asubuhi, na wakili alitaka karatasi moja tu: ushahidi kwamba jina la King lilikuwapo tangu zamani Doire Glas, kijiji cha magharibi mwa Ireland, katika nyumba yao iliyo juu ya ufuko. Nuala King alikuwa na mchana mmoja wa kuutafuta.

Kesi aliifungua baba yake. Mzee Coleman King, mwenye miaka themanini na sita, alikuwa ametia kufuli geti la shamba lake. Jirani wa ng'ambo ya barabara, Festy Conroy, akalivunja kufuli kwa nyundo mchana kweupe, akapitisha trekta lake kwenda kuchukua mwani ufukweni kama alivyofanya maisha yake yote. Tangu Nuala apate akili, wazee hao wawili hawakuwahi kusalimiana. Hata kanisani, mmoja akikaa kulia, mwingine hukaa kushoto.

Dara, mtunza maktaba, alimfungulia sensa ya mwaka 1911 kwenye kompyuta. Nyumba nambari saba: Peter King, miaka arobaini na sita, mkulima, hajui kusoma, ametia alama ya msalaba badala ya sahihi. Mkewe Honor. Mtoto wao Patrick, miaka kumi na miwili, ambaye ndiye babu yake Nuala.

"Umeshapata unachotaka," Dara alisema.

"Wakili anataka ya zamani zaidi. Nipe ya 1901."

Ikafunguka. Hapakuwa na King nambari saba. Hapakuwa na King kijiji kizima. Nuala alipitia nyumba zote kumi na tisa mara mbili.

"Dada Nuala, achana na jina la ukoo," Dara alisema taratibu. "Soma majina ya kwanza."

Peter Conroy, miaka thelathini na minne. Mkewe Honor. Mtoto Patrick, miaka miwili. Mama mjane, Sabina. Na Martin Conroy, ndugu wa mwenye nyumba, kibarua, hana mke.

"Peter kaongeza miaka kumi na miwili ndani ya kumi," Dara alisema. "Usishangae. Pensheni ya wazee ilipoanza, nchi nzima ilizeeka ghafla."

Nuala hakucheka. Martin Conroy alikuwa babu yake Festy.

"Jina ni moja," Dara aliendelea. "Kwa Kiairishi ni Mac Conraoi. Mmoja akilisikia anaandika Conroy, mwingine anasikia mwana wa mfalme, anaandika King. Ila mtu hulala Conroy akaamka King kwa sababu yake."

Nuala akarudi kwenye sensa ya 1911, akatazama nyumba ya ng'ambo. Martin Conroy, mkewe, na mama mjane Sabina. Mama alikuwa amehama nyumba.

Alirudi nyumbani na karatasi mbili alizochapishiwa na Dara, ndani ya koti. Baba yake alikuwa mezani akimenya viazi vya kuchemsha.

"Umeipata?"

"Nimepata mbili, Baba."

Mzee hakuinua macho. "Moja inatosha."

"Ulikuwa unajua."

Aliendelea kumenya kile kiazi hadi kikaisha, kisha akaweka kisu chini. "Tangu nina miaka tisa. Martin alikwenda Uskoti kuvuna viazi, akakaa misimu miwili. Huku nyuma wakaja makarani wa serikali kuwaandikisha wapangaji wa mashamba, ardhi iwe yao wenyewe. Babu yangu akawaambia anaitwa King. Martin aliporudi kuuliza fungu lake, akaambiwa hakuna Conroy kwenye daftari."

"Ndugu yake wa tumbo moja."

"Shamba limeandikwa King. Kesho nitaapa hivyo, na sitakuwa nimesema uongo." Akanyoosha mkono. "Ile ya zamani nipe, niitie motoni."

Nuala akarudi nyuma. Mzee aliinuka upesi kuliko alivyotarajia, akaidaka pembe ya karatasi, na kwa muda walivutana hivyo jikoni, baba na mwana.

"Achia, Baba."

Pembe ikachanika. Mzee akabaki na kipande kitupu mkononi, akihema.

"Ukivuka barabara ile nayo," alisema, "usinipikie tena."

Nuala akavuka. Mvua ilikuwa imeanza, na mbwa wa Festy alimbwekea hadi mlangoni.

"Kama ni barua ya wakili, sanduku liko getini," Festy alisema.

"Si ya wakili, Mzee. Ni ya kwetu. Na ya kwenu."

Festy aliisoma chini ya taa, midomo ikicheza. Alipofika kwenye jina la Martin alirudia mstari ule.

"Baba yangu alikuwa akiyasema haya akilewa," alisema hatimaye. "Sisi tukimwambia anyamaze, anatuaibisha." Akamrudishia karatasi. "Coleman anajua uko hapa?"

"Anajua."

"Na kesho?"

"Wakili ataziona zote mbili."

Asubuhi yake wakili alizisoma akiwa amesimama koridoni mwa mahakama, akamwambia Mzee Coleman kwamba babu yake Festy naye alikuwa wa shamba hilo, kisha akaingia ndani kuiondoa kesi. Ilichukua dakika nne. Jioni Nuala alilitoa mwenyewe kufuli jipya ambalo baba yake alikuwa ametia getini.

Baba yake hakumsemesha wiki tatu. Alijipikia mayai, akayaunguza, akala hivyo hivyo. Kila trekta lilipopita kuelekea ufukweni alihama dirishani. Nuala alimwekea sahani yake mezani kila mchana, na kila mchana ikabaki.

Jumapili moja baada ya misa mzee akaivuta ile sahani.

"Alisemaje?" akauliza. "Festy. Alipoiona."

"Hakusema mengi. Nilipokuwa natoka aliuliza kama goti bado linakusumbua."

Mzee alichovya kiazi kwenye chumvi.

"Mwambie liko vilevile," alisema.