Matofali Manne na Nusu

Wilkista alikuwa na siku nne za kujua kama mama yake ataingia nyumbani mwake. Kwao Ndalu, mama mkwe hakanyagi nyumba ya mkwewe mpaka akaribishwe rasmi, na karamu ya kumkaribisha ilikuwa Jumamosi. Lakini Wabwile, mumewe, alikuwa ameapa kwamba mkwewe hataketi chini ya mabati matupu. Dari kwanza. La sivyo, karamu ingoje Desemba.

Jumanne, fundi Kevin alipima vyumba vyote vinne. Kila kimoja futi kumi na mbili kwa kumi na mbili.

"Bodi za plaiwudi tano kila chumba," akasema. "Ishirini."

Wilkista akapigia simu duka la mbao kule Matisi, Kitale. Za namna ile zilibaki kumi na nane tu. Nyingine ni wiki mbili.

Mama yake, Nabwile, aliyekuja mapema kusaidia maandalizi ya karamu, alikuwa nje kando ya ghala akichambua maharagwe, mgongo kaupa mlango, akisikia yote. Wabwile naye kajibanza nyuma ya nyumba, maana wawili hao walikuwa hawajaruhusiwa kuonana uso kwa uso.

"Wilkista, hiyo bodi inatoshana aje?" mama akauliza bila kugeuka.

"Futi nane kwa nne, Mayi."

"Urefu mara mbili ya upana. Kama tofali."

Kevin akamcheka bibi huyo. "Kukhu, hapa hatujengi jiko, bana."

"Si wewe ndiye umesoma? Basi nyamaza uone."

Akayavuta matofali yaliyobaki ujenzini. Matatu akayalaza ubavu kwa ubavu. La nne akaligeuza, likakaa kwenye ncha zao, pembeni pakabaki pengo. La tano akaligonga kwa panga, taratibu, likakatika katikati. Nusu moja ikaziba pengo, mraba ukatimia. Nusu ya pili akabaki nayo mkononi.

"Hii ni ya chumba kinachofuata. Wewe, Kevin, ulikuwa unaitupa. Vyumba viwili, bodi tisa."

Wilkista akahesabu kwa vidole, akarudia. Vyumba vinne, kumi na nane. Alimtazama mama yake kama anayemwona mara ya kwanza. Hakuwahi kuvuka kizingiti kile hata siku moja, naye alikuwa ameifunika nyumba nzima akiwa amekaa nyasini.

Kevin alichuchumaa, akayatazama matofali kwa muda mrefu. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Lakini nikikosea kukata moja tu, kukhu, tumekwisha."

"Basi usikosee."

Bodi zilifika Jumatano. Kevin alipima kila mstari mara tatu kabla ya kugusa msumeno. Ijumaa jioni akainua nusu ya mwisho, akaisukuma kwa kiganja. Ikaingia. Wabwile alivua kofia.

Jumamosi wimbo ulipofika mlangoni, Wabwile akamwekea mkwewe mabegani blanketi jipya la kumkaribisha, na Nabwile akavuka kizingiti. Watu walingoja aketi. Hakuketi. Aliinua uso, akaifuata dari kwa macho kutoka kona hadi kona, mdomo wazi kidogo.

"Kumbe ni kubwa hivi," akasema polepole. "Na mimi niliishika kwa mikono."