Grisi Mbili

1.
TANGAZO
Karakana ya Viungo Bandia, Kwamsele
Mashine ya kuchongea miguu, iliyokwama tangu Machi, itaondolewa Ijumaa kama chuma chakavu. Wagonjwa wanaosubiri wataandikiwa rufaa ya Dar es Salaam.
E. Kihwelo, Meneja

2.
Mimi ni Semeni Lukindo, fundi wa matengenezo. Tangazo nililisoma Jumatatu asubuhi, chapati mkononi. Sikuimaliza.

3.
Kwenye benchi la nje:
"Dar? Mwanangu, hapa tu nimefika kwa kubebwa."
Huyo ni Mwalimu Tausi. Alikatwa mguu mwaka jana. Anafundisha darasa la pili akiwa amekaa, na nusu ya juu ya ubao haifikii.

4.
Wewe unayesoma, weka mkono hapa. Hii ni reli. Kichwa cha mashine hutembea juu yake, mbele na nyuma, kikibebwa na gololi ndogo kama punje za mtama. Gololi zinataka grisi: kidogo, mara kwa mara. Haya, sukuma.

Umeona? Hakisogei.

5.
"Mota imekufa, Semeni."
"Nipe hadi Alhamisi, bosi. Niifungue mashine."
"Usiwape watu matumaini ya..."
"Nipe."

6.
Nilichokikuta kwenye reli ya kushoto:
unga wa plasta
grisi ya njano, ya zamani
grisi ya bluu, ya mwaka huu
zote mbili zimekataana, zimeganda kama sabuni

Ya bluu niliipaka

mimi.

7.
Ningeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua. Nilienda ofisini nikamwambia meneja kila kitu, nimesimama.
Kihwelo aliinuka kitini. Kisha akakunja mikono ya shati.
"Vitambaa viko wapi?"
Siku mbili tuliosha gololi kwa mafuta ya taa, moja baada ya nyingine.

8.
KITABU CHA MATENGENEZO. Alhamisi, saa nne asubuhi.
Reli: safi. Grisi: aina moja tu. Mota: nzima, ilizuiwa na reli.
Kichwa kimesukumwa kwa kidole.
Kimeenda.
Sahihi: S. Lukindo, E. Kihwelo

9.
Sasa niacheni niseme mimi, Tausi. Wiki tatu zimepita. Mguu mpya ni mzito kuliko nilivyodhani, na unanibana gotini. Nimesimama kati ya vyuma viwili vya kushikilia. Semeni yuko mbele yangu, mikono kainyoosha, ila hanigusi.
"Taratibu, Mwalimu."
Nimeachia chuma cha kushoto.
Nimeachia cha kulia.

Hatua.

Nyingine, na nyingine.