Ushuru wa Gunia la Pili

Maneno yalimfikia Wilkister penye mfereji wa maji wa ploti yao ya kupanga, pale Kiganjo, na tangu siku hiyo hayakumtoka. Shiko, jirani wa mlango wa tatu, alikuwa akisuuza shuka huku akilalamika kama mtu aliyechoka hata kulalamika.

"Mama Maxine, usiombe mtu wako apandishwe cheo. Mwas wangu walimpandisha. Zamani alileta elfu ishirini nyumbani, sasa analeta kumi na tano. Anasema ukipita ishirini na nne tu, serikali inaingia na mikono miwili. Inakata yote, hata ile ya zamani."

"Hata ile ya zamani?"

"Hata hiyo. Afadhali angebaki pale chini."

Wilkister alibeba mtungi wake akaenda, na maneno yakaenda naye. Sokoni akipima dagaa wake wa omena aliyasikia. Kanisani watu wakiomba aliyasikia. Shule yake iliishia darasa la saba, na kodi kwake ilikuwa kama mbwa wa tajiri: humjui jina, lakini unajua anauma.

Wiki hiyohiyo binti yake Maxine akarudi kutoka kiwanda cha nguo huko Ruiru na habari. Miaka sita alikuwa ameinamia cherehani, mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Sasa walitaka awe supavaisa wa laini yake. Angetembea akikagua kazi badala ya kuinama. Mshahara ungetoka elfu ishirini na tatu uwe thelathini. Jibu lilitakiwa Ijumaa.

"Kataa," Wilkister akasema.

Maxine alikuwa amelala chali sakafuni, miguu juu ya kiti, jinsi alivyofanya kila jioni. "Ma, hata chai sijakunywa."

"Elfu thelathini watakukata yote, nyathina, mwanangu. Muulize Mwas."

"Mwas ni mhasibu tangu lini? Si hivyo inakatwa. Wanakata tu ile—"

"Utaleta nini hapa? Tutakula cheo?" Na hapo Wilkister akaanza kulia, kilio cha chinichini kisicho na kelele, kile ambacho mtoto hawezi kubishana nacho.

Maxine akaangalia dari. "Sawa, Ma. Wacha kulia. Nitawaambia hapana."

Ijumaa akawaambia hapana. Supavaisa akawa Dianah, msichana wa Mugutha aliyekuja kiwandani juzi.

Wilkister alilala vizuri wiki nzima. Jumamosi akapima omena gorogoro moja, kopo zima, akaipeleka kwa Mwas kama shukrani. Shiko alikuwa ameenda sokoni. Mwas alikuwa mlangoni akishona kiatu.

"Umeniokolea mtoto," akamwambia. "Amekataa kile cheo."

Sindano ikasimama. "Amekataa kwa nini, mathe?"

"Si ni ile kodi iliyokula mshahara wako."

Mwas akaangalia omena, akaangalia njia, akahakikisha mkewe haji. "Mathe, kaa chini." Akaweka kiatu chini. "Mimi kodi wananikata kama mia saba hivi. Basi. Ile ingine ni sacco, chama chetu cha mikopo. Nilimwekea rafiki yangu Githae dhamana akachukua mkopo, akahepa bila kulipa. Sasa wanakata kwangu."

"Na Shiko?"

"Ningemwambia nini, na alinikataza kumdhamini? Nilisema ni serikali. Serikali haiwezi kuja hapa kubishana na mimi."

Wilkister hakumtukana. Hakuwa na nguvu hiyo. Alichukua omena yake, akafikiri kidogo, akairudisha mlangoni, akaenda.

Nyumbani alimkuta Maxine sakafuni, miguu juu ya kiti.

"Nieleze tena," akasema. "Pole pole. Sitalia."

Maxine akashusha miguu kitini. "Ma, tuseme unaleta sokoni magunia mawili. Kanjo, askari wa ushuru, anasema la kwanza halina ushuru, la pili analikata. Ukileta la pili, atarudi nyuma akate la kwanza?"

"Atarudi vipi? Hilo limepita."

"Basi. Kwanza wanatoa NSSF ya uzeeni, SHA ya hospitali na ile ya nyumba. Kwa thelathini ingebaki kama ishirini na saba. Ishirini na nne ya kwanza ni gunia la kwanza. Wanahesabu kodi yake, halafu wanaisamehe, wanaita relief. Ile elfu tatu iliyozidi ndiyo wanakata robo."

Wilkister akahesabu kwa vidole, akarudia. "Mia saba na kitu."

"Mia saba na kitu. Na mkononi ningeongeza zaidi ya elfu tano kila mwezi."

"Huwezi kurudi uwaambie nilikosea? Mimi, si wewe?"

"Dianah alianza Jumatatu, Ma. Anatembea vizuri."

Wilkister akachemsha maji, akachovya kitambaa, akamgeuza binti yake, akambandika mgongoni. Kitambaa kikipoa, akachovya tena.

Kwa hivyo, mama mwenye mtoto kazini, epuka haya:

Usimkataze mtoto cheo kwa maneno ya penye mfereji.

Usiamini kwamba kodi inarudi nyuma kukata mshahara wote. Inakata zaidi ile iliyozidi tu.

Usiite kila kinachokatwa kodi. NSSF, SHA, nyumba, sacco, kila moja ina mstari wake kwa karatasi ya mshahara. Soma yote.

Usimwekee mtu dhamana ya mkopo kwa siri, halafu usingizie serikali.

Usiache mtoto ajibu wakubwa wa kazi kabla ofisi ya mishahara haijamwonyesha hesabu.

Usilie mbele ya mtoto aliyechoka. Atakubali.