Mama wa Kumi

Wauguzi wa kliniki ya macho walimwita Binti Kompyuta, na jina lilimkaa. Yeye ndiye aliyeandika programu ya foleni: muuguzi akigusa simu yake, jina linapita mtandaoni na kutokea kwenye skrini ya ukutani, kila mtu na namba yake. Zamani watu walipangana kwa viwiko na kwa kujuana. Sasa walikaa wametulia, nyuso zimeelekea ukutani, hata wale ambao wenyewe hawaoni kilichoandikwa huko.

Siku hiyo hakuja kikazi. Alikuwa amemleta mama yake, aliyekuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. Daktari wa upasuaji alifika mara moja kwa mwezi, akapasua watu kumi, kisha gari likamchukua kwenda mji mwingine. Walitoka nyumbani alfajiri, na bado mama alipata namba kumi kwa bahati tu.

"Nisomee tena," mama alisema.

"Wa kumi, mama. Nimeshakusomea mara nne."

"Soma ya tano. Inanishibisha."

Saa tatu akaletwa mchomeleaji vyuma, cheche imemwingia jichoni, anaugulia. Muuguzi mkuu akamchomeka namba tatu, kwa kuwa wawili wa mwanzo walikuwa wameshatiwa dawa. Hakuna aliyenung'unika, labda uwe na moyo wa jiwe ndipo unung'unike.

Mchomeleaji alipoingia ndani, mzee mmoja aliyekuwa amekaa karibu na mlango, kofia magotini, alijikongoja hadi walipokaa Binti Kompyuta na mama yake.

"Samahani, binti yangu. Mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa wa tatu. Huyu aliyeumia amenitangulia, na ni haki yake. Basi mimi si ndiye wa nne? Mbona nasikia anaitwa mwingine?"

"Umewauliza wauguzi, baba?"

"Nimeona haya. Nilidhani mashine haikosei." Akacheka kidogo. "Mwezi uliopita nilikuwa wa kumi na moja. Na uzi siku hizi hauingii kwenye sindano, naishia kujichoma vidole."

Binti Kompyuta alisoma skrini kutoka juu hadi chini. Majina kumi. Kisha akahesabu wagonjwa, pamoja na walioingia ndani. Kumi na mmoja.

Alifungua kompyuta yake mapajani na hakuhitaji kutafuta sana. Mtu akiongezwa katikati ya orodha, waliopo kuanzia hapo wanatakiwa kusogea, kila mmoja nafasi moja, kama watu wanavyosogeana kwenye benchi. Yeye hakuandika hivyo. Aliiamuru orodha imweke mgeni pale pale penye namba tatu, na aliyekuwapo akafutika, bila kelele, bila onyo. Alipoijaribu programu alikuwa akiongeza watu mwishoni tu, siku zote mwishoni, na mwishoni ilifanya kazi vizuri. Mjinga mkubwa, alijiambia, na hakuwa akijidhulumu.

Ndipo akaliona lile lingine. Angeweza kumwongeza mzee mkiani. Mguso mmoja tu. Mzee angekuwa wa kumi na moja tena, angeshukuru, angerudi kwake na sindano zake. Mama angebaki wa kumi. Nani angejua? Kidole kilikaa juu ya kitufe muda mrefu kuliko alivyopenda kukumbuka baadaye.

"Mbona umenyamaza?" mama aliuliza.

Alirekebisha ule mstari wa programu, akamrudisha mzee namba nne, akabonyeza. Kwenye skrini majina yakateremka, moja baada ya jingine, na la mama yake likaangukia chini ya mstari mwekundu, pale palipoandikwa "mwezi ujao".

Alisimama. "Muuguzi mkuu, mzee huyu ndiye anayefuata. Programu ilimfuta, na aliyekosea ni mimi." Wote walisikia.

Mzee alishikwa mkono, akaingizwa ndani, kofia akaisahau kitini. Binti Kompyuta akaiokota, akarudi kukaa.

"Haya, nisomee," mama alisema.

"Wa kumi na moja, mama."

Mwezi mzima mwingine wa kupapasa kuta, wa kumimina chai nje ya kikombe.

"Ungeweza kuniacha pale nilipokuwa?"

"Ningeweza."

"Hm." Mama akajitengeneza kanga begani. "Basi mwezi ujao tutatoka kabla jogoo hajaamka. Na wewe usithubutu kunichomeka popote." Kisha akageuza kichwa. "Unalia?"

"Hapana."

"Sioni, lakini nasikia," mama alisema. Akanyoosha mkono, akaupapasa uso wa mwanawe taratibu mpaka akalipata chozi, akalifuta.