Uwele wa Mahameni

Ndege ile ilipita juu yetu ikitoa moshi, pangaboi lake moja limesimama kabisa.

Mama na mimi tulikuwa tumekwenda kuutazama uwele wetu. Tuliupanda kwa siri mahameni, penye samadi ya zizi letu la zamani, kwa sababu shamba tulilopewa kijijini baada ya kuhamishwa lilikuwa mawe matupu. Kulima mahameni kulikatazwa. Mwanakijiji mwenzetu Laurenti alikamatwa kwenye mahame yake akiwa na jembe mkononi, akawekwa ndani wiki mbili. Lakini uwele huo ndio ungekuwa chakula chetu cha mwaka mzima.

Ndege ikashuka mbugani, ikarukaruka, ikasimama karibu na shamba letu. Rubani akatoka, uso una damu. Mwenzake alikuwa ndani analia, mguu umevunjika.

"Twende zetu," mama akaninong'oneza. "Tusikutwe hapa."

"Mama, si unamsikia yule?"

Nikakimbia kijijini. Mimi ambaye hata kuitikia hodi naona haya, siku ile nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Katibu wa kijiji, Melkizedeki, aliponiuliza nilikuwa wapi, nikasema natafuta kuni.

Majeruhi akachukuliwa kwa Landrova. Siku ya nne fundi aliyeletwa kutoka mjini akamaliza kutengeneza injini. Rubani akasema mbuga ile ni fupi, ndege haiwezi kuruka mpaka uwele ule ufyekwe.

Katibu akaita kijiji kizima, kila mtu na panga lake.

"Uwele huu wa nani?"

Wote walijua. Mzee Mughwai, jirani yetu, akakohoa.

"Labda umejiotea, Ndugu Katibu."

"Umejiotea kwa mistari, mzee?"

Watu wakacheka. Katibu akawatazama mmoja mmoja, akafika kwa mama.

"Hauna mwenyewe," mama akasema, akawa wa kwanza kufyeka.

Nilifyeka kando yake. Punje zilikuwa bado maziwa, zikatulowesha mikono.

Ndege iliporuka watu walishangilia. Katibu akanisimamisha mbele yao.

"Bila binti huyu yule mtu angekufa. Tumpigie makofi!"

Wakapiga. Mama naye akapiga.

Njiani alitangulia, panga begani. Tulipokaribia nyumbani nikamwuliza tutakula nini.

"Makofi," akasema.