Chumvi ya Mkate wa Jumatatu

Mume wangu ana ulimi ambao, kwa maneno yake mwenyewe, ungestahili kulipwa mshahara wa peke yake. Akimega kipande cha mkate wetu anajua kama maji yalikuwa ya moto mno, kama hamira ni ya zamani, na kama mimi siku hiyo nimeamka vibaya. Hilo la mwisho halihitaji ulimi. Mimi huamka vibaya karibu kila siku, kisogo kinagonga, na nikiulizwa nasema ni joto la tanuri. Nani afanye kazi bekari miaka yote hii asiumwe kichwa?

Basi ulimi huo ndio ulionitia hofu siku mwalimu mkuu wa shule ya jirani aliponiita ofisini kwake.

Nilidhani ni malalamiko. Sisi ndio tunaopeleka mkate shuleni kwake, kwenye kiwanda cha sabuni na kwenye maduka yote ya mtaani, kwa hiyo nilifika nimejiandaa kugomba. Nikamkuta nesi wa kituo cha afya, yule mwembamba anayecheka kabla hajamaliza kusema. Pembeni yake alikuwa meneja wa kiwanda cha sabuni, amekalia kiti cha mwanafunzi, magoti yanakaribia kidevu. Mwalimu mkuu alikuwa anamimina chai.

"Nimekosa nini?" nikauliza kabla sijaketi.

"Hujakosa kitu, dada," nesi akasema. "Tunakuhitaji."

Akaeleza. Presha, kisukari, moyo, magonjwa yale ambayo yakishaingia hayahami tena. Amechoka kuyangojea mlangoni. "Watu wananifikia wakiwa wameshaharibika. Wauguzi wa dunia nzima wanalia kilio hiki hiki, kila mmoja kwa lugha yake. Dawa ninazo, lakini mimi sifundishi, siajiri mtu, wala sipiki mkate. Nyinyi ndio mnaokaa na watu wakiwa bado wazima."

Meneja akaahidi kuwa wafanyakazi wake watapimwa ndani ya saa za kazi, wala hatawakata muda wa kula. Mwalimu mkuu akasema uwanja wa shule utakuwa wazi jioni kwa anayetaka kutembea, hata wenye vitambi, na hapo akamtazama meneja. Meneja akavuta shati. Kisha wote watatu wakanigeukia mimi.

"Chumvi," nesi akasema.

Mji mzima unaanza siku na mkate wako, akaniambia. Ukipunguza chumvi kidogo kidogo, wiki hadi wiki, ndimi zitazoea bila kushtuka. Ukiipunguza kwa mkupuo, watu watainyunyiza wenyewe mezani, na hapo tutakuwa tunatwanga maji kwenye kinu.

Mimi na kufundishwa kazi yangu ni paka na panya. Ningekataa palepale, lakini nilimkumbuka baba mkwe. Yeye ndiye aliyelijenga tanuri letu, na kiharusi kilimwangusha mbele ya mdomo wa tanuri hilo hilo, koleo mkononi, mume wangu akiwa upande wa pili anapakua mikate. Mwaka huu mume wangu anafikia umri ule ule. Ana shingo ile ile ya baba yake na ubishi ule ule. Kupimwa hataki kusikia. "Anayetafuta ugonjwa huupata," ndiyo dini yake. Nami humjibu kila mara, "Mficha maradhi, kifo humuumbua," naye hucheka tu.

Kwa hiyo nilikubali. Wengine walitaka kuuokoa mji. Mimi nilikuwa namtaka mtu mmoja tu abaki hai.

Lakini kumwambia? Thubutu! Chumvi ile ni kipimo cha marehemu baba yake, na alishatangaza kwamba atakayeigusa akatafute tanuri lake. Nikanyamaza. Pale kwetu kazi ya kupima chumvi ni yangu. Naipima stoo kwa kikombe cha bati, naimimina kwenye ndoo ndogo, naiacha mlangoni, naye anaichukua na kuimwaga kwenye mashine ya kukandia. Stoo haingii. Anadai kuna panya. Hakuna panya, ni uvivu wa kubeba magunia. Nani angejua?

Mara ya kwanza nilipopunguza, nilichungulia mlangoni utadhani nimeiba. Akamega mkate wa moto, akatafuna, akatazama dari.

"Hapo sasa," akasema. "Huu ndio mkate wa baba."

Nikageukia sinki haraka asinione ninavyocheka. Ulimi wa mshahara huo!

Wiki zikaenda. Nikipunguza, anasifu. Siku nesi alipopima watu kiwandani, alipitia na kwetu akiwa na mashine yake ya presha. Mume wangu alipomwona tu akakumbuka ghafla kwamba kuna duka halijapata mkate, akatokomea. Nesi akanigeukia mimi.

"Dada, wewe je? Ni dakika mbili tu."

"Nina trei motoni. Mimi mzima, mkamate yule!"

Akaondoka akitikisa kichwa. Nikarudi kwenye trei zangu, nikikanda kisogo kwa ngumi.

Ikaja Jumatatu. Nilikuwa napangusa meza nikasikia sauti ya mume wangu kutoka kwenye mashine ya kukandia. "Mama watoto! Njoo uone maajabu!"

Nikaenda. Unga tuliokanda ulikuwa umepanda ukapita ukingo wa beseni, unateremka ubavuni pole pole, unanata kama gundi. Sasa, chumvi ndiyo breki ya hamira. Unga ukikosa chumvi, hamira hupata wazimu, unaumuka bila adabu halafu unaanguka. Lakini mimi nilikuwa nimeacha chumvi ya kutosha, na nilijua hivyo. Nikamtazama mume wangu. Naye akawa anatazama dari, na safari hii hakuwa anaonja kitu.

Tukaoka hivyo hivyo, maana shule haingoji. Mikate ikatoka imebonyea katikati kama godoro la gesti, na ilikuwa chapwa, chapwa kabisa. Ikaenda.

Kabla ya saa sita mwalimu mkuu akaingia bekari na mkate kwapani. Watoto wamegundua kwamba mkate huu ukiufinyanga unakuwa tufe, na tufe likipigwa chini linadunda. "Darasa la nne lina ligi," akasema. "Mwalimu wao amepigwa la sikio." Hajamaliza, meneja naye akaingia. Wafanyakazi wake walikuwa wameonja mara moja, wakaomba chumvi, wakaimwaga kwa viganja. Nyuma yake akaja nesi, anahema, ameitwa kwa simu. Bekari ikajaa watu wazima wenye nyuso ndefu utadhani kuna msiba.

"Nani kagusa chumvi?" nikamfokea mume wangu. Mimi, jamani! Mwenye kikombe mkononi!

Akajikuna kichwa, nywele zikajaa unga. "Kidogo tu. Nilikuwa nachota kiganja cha chumvi kwenye ndoo na kukitupa kabla sijaimwaga, na leo nikachota viwili."

"Tangu lini?"

"Tangu meneja aliponishukuru. Nilimpelekea mkate, akaniambia mke wako amekubali kupunguza chumvi, hongereni sana. Nikarudi nikaonja. Ladha ni ile ile. Kesho yake, ile ile. Nikaona mke wangu ameahidi watu halafu anashindwa kuanza kwa kuuogopa mdomo wangu. Nikasema ngoja nimsaidie kimyakimya."

Nikakaa juu ya gunia la unga.

"Ladha ilikuwa ile ile," nikamwambia, "kwa sababu nilikuwa napunguza vizuri."

Aliyeanza kucheka ni nesi, akajishika mbavu. Meneja akafuata, kitambi chote kinatikisika. Mwalimu mkuu akaweka mkate wake mezani. "Yaani afya, elimu na viwanda tumekaa tukaelewana siku moja, na walioshindwa kuambiana ni wanaolala kitanda kimoja!"

Hata mume wangu akacheka. "Na ulimi wako je?" nikamuuliza.

"Ulimi umestaafu," akasema.

Nesi akafuta machozi ya kicheko, akafungua mkoba. "Haya, shemeji. Leo hukimbii."

Kicheko kikanikatika. Mume wangu akaitazama mashine, akalitazama tanuri la baba yake. Nikajua sasa atatafuta sababu.

"Nitapimwa," akasema. "Lakini na yeye apimwe."

"Mimi? Mimi nina—"

"Ukae, au nisikae."

Nikakaa. Kwa ajili ya mkono wake ningekalia hata tanuri. Akakunja shati, kitambaa cha mashine kikamkaza mkono, kikapumua. Sikuthubutu kumtazama. Nikamtazama nesi, nesi akatabasamu.

"Imepanda kidogo tu, shemeji. Ni ya kuangaliwa, si ya kutisha. Punguza chumvi, tembea jioni, urudi mwezi ujao."

Nikashusha pumzi iliyonikaa kifuani tangu mwaka uanze. Nilifurahi mpaka nikataka kumpiga. Nikainuka niende kwenye trei zangu.

"Bado wewe," mume wangu akasema.

Nikanyoosha mkono nikiwa bado nacheka, nikimwambia meneja apeleke kile kitambi uwanjani. Kitambaa kikabana. Nesi akaisoma mashine. Hakucheka. Akakifungua, akanifunga mkono wa pili, akaniambia ninyamaze kidogo, na mimi, ambaye hata mama yangu alishindwa kuninyamazisha, nikanyamaza. Akasoma tena.

"Dada, kichwa kinakuuma?"

"Joto la tanuri."

"Kisogoni? Asubuhi?"

Mume wangu ndiye aliyejibu. "Kila siku."

"Basi leo hupakui mkate," nesi akasema, sauti imetulia sana. "Tunaenda kituoni, sasa hivi."

Mwalimu mkuu akanifungua aproni mwenyewe, kama anavyowafungua watoto wa chekechea. Meneja alikuwa ameshatoka kuwasha gari lake. Hakuna aliyeuliza nani atauza mikate.

Ndani ya gari mume wangu alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa na unga uliokauka, unakwaruza.

"Ulidhani napunguza chumvi kwa ajili ya nani?" akaniuliza.

"Si mji?"

"Mji una nesi. Nani aliwahi kutaka kukupima ukakubali? Kila mara una trei motoni. Nikasema huyu haendi kwenye dawa, basi mkate anaula, nitaanzia hapo." Akakitazama kisogo changu. "Unashika kisogo vile vile alivyokuwa anashika baba."

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa. Miezi yote ile nilikuwa naivizia shingo yake, na ya kwangu siijui. Nyani haoni kundule. Kumbe wahenga walikuwa wananisema mimi.

"Baba watoto," nikasema. "Usiniache."

"Mimi ndiye wa kukuambia hivyo," akasema.

Kituoni walinilaza mpaka jioni, presha ikashuka taratibu. Wakanipa vidonge, na nesi akaniapia kwamba nikivisahau atamtuma mwalimu mkuu na fimbo yake.

Asubuhi yake nilikuwa stoo, nikasikia hatua. Mume wangu akaingia, mara ya kwanza kwa miaka yote hii, ameshika kikombe cha bati.

"Huogopi panya?" nikamuuliza.

"Hakuna panya," akasema. Akanipa kikombe. "Pima, na mimi nikiona."

Nikapima, si kipimo cha baba yake wala si kile cha Jumatatu, bali kile cha kuishika hamira na kutushika sisi. Akaichukua ndoo, lakini hakuondoka. Akasimama pale pale mlangoni mpaka nikatoa kidonge changu mfukoni, nikakimeza, yeye akiona.