Mwambie Daktari

Nilianza kazi ya ukalimani nikiwa na miaka minane, bila mshahara wala likizo. Baba na mama walihamia nchi hii wakiwa watu wazima na lugha yake ikawagomea. Mimi niliambukizwa lugha hiyo shuleni, kama watoto wanavyoambukizana chawa. Basi kila ofisi tulikwenda watatu. Mwenye nyumba alipotutukana, nilimwambia baba, "Anaomba tupunguze kelele." Baba alipomjibu kwa hasira, nilimwambia mwenye nyumba, "Baba anaomba radhi." Hata mwalimu wangu alipowaita wazazi kuwaeleza utundu wangu, mkalimani nilikuwa mimi mwenyewe. Siku hiyo nilisifiwa sana.

Siku moja tu sikuwepo. Nilikuwa shuleni, mama akaanza kutokwa na damu, mimba ikiwa ya miezi saba. Hospitali alijieleza kwa mikono, wakamkalisha kwenye benchi pamoja na wenye vikohozi mpaka mtoto akafia tumboni. Tulipotoka makaburini baba alinishika bega. "Wewe utakuwa daktari," alisema. "Mama yako hatakaa benchi tena." Tangu hapo hakuniita jina langu. Mezani, njiani, mbele ya wageni, nilikuwa Daktari. "Daktari, nipe chumvi."

Na chuo cha udaktari niliingia kweli. Mwaka wa pili walitufundisha namna ya kumpa mgonjwa habari mbaya, nikagundua kwamba maisha yangu yote nimebeba maneno ya watu wengine, na yangu mwenyewe siyajui. Nikaacha. Nilipata kazi kwenye karakana ya makochi, nikajifunza kuvua kitambaa kikuukuu, kufunga springi, kushona ngozi kwa sindano iliyopinda. Kochi halikutumi umwambie mtu kitu. Nilikuwa na furaha, na furaha ile ilinitia aibu, kwa hiyo nyumbani sikusema. Kwa miaka minne niliondoka kila asubuhi na koti jeupe kwenye begi. Mama alipoona vidole vyangu vimetobokatoboka alisema kazi ya hospitali ni ngumu, akanipaka mafuta. Mgongo wa baba ulipoanza kumsumbua, nililitengeneza upya kochi la sebuleni nikidai nimelipeleka kwa fundi. Alikaa, akasogea huku na huku, akafumba macho. "Huyu fundi ana mkono," alisema. "Mungu amtunze."

Baba alipoanza kukonda tulikwenda hospitali watatu, kama zamani. Daktari alikuwa mwanamke wa rika langu, na baba alimtazama kwa mapenzi kabisa.

"Mwambie mko kazi moja," alisema.

Nikamwambia daktari kwamba baba anamshukuru kwa muda wake.

Daktari hakuzungusha maneno. Kulikuwa na uvimbe kwenye utumbo. Wakipasua wiki hii, watu saba kati ya kumi hupona. Wakingoja, hakuna atakayeweza kufanya lolote. Nililainisha hapa na pale, lakini saba kati ya kumi niliiacha kama ilivyo. Baba hakumwangalia daktari. Aliniangalia mimi.

"Wewe unaonaje?"

"Upasuliwe, baba."

"Unasema kama daktari au kama mtoto?"

"Vyote viwili."

"Basi nimekubali," alisema, na mama akaanza kulia kwa nafuu aliyoipata. "Ila na wewe uwemo humo ndani. Mwambie daktari nitalala kwenye kitanda chao nikikuona umesimama pale. Bila wewe sipasuliwi."

Jibu lilikuwa tayari mdomoni: amekubali, baba, nitakuwepo. Nimewahi kusema uongo mkubwa kuliko huo kabla hata ya chai ya asubuhi. Lakini akilini nilimwona akidungwa sindano ya usingizi huku ananitafuta kwa macho kati ya watu waliofunika nyuso. Kama angekuwa mmoja wa wale watatu wasiopona, angekufa ananitafuta. Nikashindwa.

"Baba, mimi si daktari. Niliacha chuo miaka minne iliyopita. Natengeneza makochi."

Mama aliacha kulia. Daktari alitutazama mmoja mmoja, akisubiri tafsiri. Baba alifunga vifungo vya shati, kimoja kimoja, mpaka cha shingoni.

"Mwambie daktari," alisema, "nataka mkalimani mwingine. Huyu ni mwongo."

Nikamgeukia daktari, nikamwambia hivyo hivyo, neno kwa neno. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutolainisha kitu.

Nilikaa kwenye benchi nje. Aliletwa mwanamume mwenye tai na kitambulisho shingoni, akaingia, mlango ukafungwa. Baada ya nusu saa mama alitoka.

"Amekataa," alisema. "Tumembembeleza wote. Anasema hajui tena amwamini nani." Alikaa kando yangu, akachukua mkono wangu na kuugeuza, akavitazama vile vidole. "Lile kochi la nyumbani ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

Watu huniambia nilifanya vizuri kusema kweli. Wao hawakumzika baba yangu. Ningedanganya mara moja tu zaidi, labda angekuwa hai, na hilo hakuna anayeweza kuniondolea.

Alikaa kwenye kochi lile miezi mitano. Kila siku nilirudi kutoka kazini, nikakaa kwenye kiti kilichomkabili, naye hakunisemesha. Alichotaka alimtuma mama, sote tukiwa sebule moja na lugha moja. Mwambie afunge dirisha. Mwambie alete maji. Mama alinigeukia na kunirudia kila neno kana kwamba sikusikia.

Alasiri moja, wiki ile ya mwisho, baba alipapasa kochi ubavuni pake, akabonyeza kwa kiganja.

"Mwambie fundi," alisema, "upande huu umeanza kubonyea."

Mama alinigeukia. Alifungua mdomo anirudie.

"Nimesikia, mama," nilisema, nikaenda kuchukua sindano.